Mateka si mali ya aliyemkamata

Maswali ya wasomaji

Barua tano za mwezi huu zimetoka kwa watu wasiojuana, wengine Moshi na wengine Arusha, lakini zote zinazunguka jambo moja: askari amtendee nini adui ambaye hawezi tena kumdhuru. Nimeona afadhali zichapishwe pamoja. Kabla ya kustaafu nilifundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na kila nilipofika kwenye vita nilifundisha tarehe, sababu, majina ya makamanda na matokeo, kama mtihani ulivyodai. Swali hili sikumbuki kulipa hata kipindi kimoja. Ndiyo maana baadhi ya majibu hapa chini ni marefu kuliko desturi ya ukurasa huu.

Baba aliyembeba adui

*Mwalimu, shikamoo. Baba yangu alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi na alikwenda Vita vya Kagera. Amefariki miaka michache iliyopita. Katika maisha yake yote alitusimulia kisa kimoja tu cha vita, na alikisimulia kwa aibu. Walimkuta askari wa Amin kichakani, amevunjika mguu kwa risasi, bunduki ameshaitupa. Wenzake walisema amalizwe, kwa sababu hawakuwa na gari la kumbeba na kwa sababu ya mambo waliyoyaona Kagera. Baba alikataa. Yeye na mwenzake mmoja walimbeba mgongoni kwa kupokezana mpaka kwa madaktari. Tangu siku hiyo baadhi ya wenzake walimwita "shemeji wa Amin", na jina hilo lilimfuata hadi nyumbani. Sisi watoto hatujui tumkumbuke kama shujaa au kama mtu aliyelegea wakati taifa lilihitaji mtu mgumu. Alikuwa sahihi? (Msomaji, Majengo, Moshi)*

Marahaba. Baba yako alikuwa sahihi, na ningependa usome maneno hayo mara mbili kabla ya kuendelea. Alifanya kile ambacho nchi yake ilikuwa imekwisha kuahidi kwa maandishi kwamba askari wake watakifanya.

Mikataba minne ya Geneva ilikubaliwa tarehe 12 Agosti 1949, wakati dunia bado inazika watu wa Vita Kuu ya Pili, na Tanganyika ilijifunga nayo mwaka 1962, hata kabla ya Muungano. Mkataba wa Kwanza unamhusu askari aliyejeruhiwa nchi kavu, nao unaagiza ahudumiwe bila kujali alikuwa akipigania upande gani, na kwamba kinachoamua nani atangulie kutibiwa ni hali ya mwili wake peke yake. Kwa hiyo daktari wa jeshi letu akiletewa majeruhi wawili, wa kwetu akiwa amekwaruzwa na wa adui akiwa anavuja damu, anaanza na wa adui. Mkataba wa Tatu unahusu mateka wa vita, na ndani yake imo ibara ya 12, inayosema kwamba mateka wako mikononi mwa dola iliyowakamata, wala hawako mikononi mwa mtu au kikosi kilichowatia nguvuni.

Ibara hiyo inagusa hata lugha yetu. Sisi tunasema *mateka*, kutokana na kitenzi *kuteka*, na wazee walilitumia neno hilo hilo kwa ng'ombe, pembe za ndovu na watu, ilimradi vimechukuliwa vitani. Mateka na nyara vilikuwa karibu kitu kimoja, na vyote viligawanywa kwa walioshinda. Kwenye njia za misafara zilizopita chini ya mlima huu mtu aliyetekwa aliweza kuuzwa pwani na hakuna aliyeona ajabu. Fikra ya kwamba "huyu ni wangu, nimemkamata mimi, nitamfanya nitakavyo" ina mizizi mirefu, na wale waliomwambia baba yako kwamba majeruhi amalizwe walikuwa wakisema kwa kinywa cha zamani hizo. Sheria ya 1949 imemtoa mateka katika fungu la nyara. Tangu yule askari alipotupa bunduki yake hakuwa wa baba yako wala wa kikosi chake. Alikuwa amana mikononi mwa Jamhuri ya Muungano, na baba yako aliibeba amana hiyo mgongoni.

Hata hivyo sitawasema vibaya wenzake kana kwamba walikuwa watu wa hulka mbaya. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaua raia, yakaswaga mifugo na kupora nyumba, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni yake. Askari waliofika huko baadaye waliziona nyumba zilizochomwa na miili ya watu iliyoachwa bila kuzikwa. Mtu aliyetoka kuona hivyo, kisha akakuta mmoja wa adui amelala chini ya mti akiomba maji, anapandwa na hasira ambayo mimi, niliyesikiliza vita hivyo kwenye redio, sina haki ya kuidharau. Hasira hiyo ilifika Mutukula. Majeshi yetu yalipouteka mji huo wa mpakani mwezi Januari 1979, baadhi ya askari walilipiza kisasi kwa raia wa Uganda waliobaki pale, wakiwamo wazee wasioweza kukimbia, na mji ukasawazishwa. Mwalimu Nyerere alipopata habari alifadhaika sana, akaamuru kwamba raia na mali zao wasiguswe tena katika safari iliyobaki ya kwenda Kampala. Jambo hili halisimuliwi sana katika vitabu vya shule, na mimi mwenyewe sikulisimulia darasani. Nadhani ni haki ya watoto wetu kulijua, pamoja na amri iliyofuata, kwa sababu linaonyesha kwamba hata jeshi lenye haki upande wake linaweza kuipoteza haki hiyo kwa alasiri moja.

Katika hotuba yake ya tarehe 2 Novemba 1978, ambayo Watanzania wa umri wangu tunaikumbuka kwa moyo, Mwalimu alisema kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Nakuomba utazame aliyekusudiwa. Aliyekuwa akipigwa ni Amin na nguvu yake ya kivita. Mtu aliyevunjika mguu, asiye na silaha, si sehemu ya nguvu hiyo tena. Kumuua hakumpunguzii Amin bunduki hata moja.

Wenzake walikuwa na hoja ya pili, ya kutokuwa na gari, na hoja hii inastahili jibu lake kwa sababu ndiyo inayotumika mara nyingi kufunika mauaji. Itifaki ya Kwanza ya 1977, yaani nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ambayo nchi yetu ilijiunga nayo baada ya vita hivyo, inaeleza wazi kwamba ikiwa kikosi kimekamata watu katika mazingira yasiyoruhusu kuwasafirisha, basi kinawaachia, na kinachukua kila tahadhari inayowezekana kwa ajili ya usalama wao. Kwa majeruhi aliyeshindwa kutembea, kuachiwa maana yake ni kufungwa jeraha, kuwekewa maji na kuachwa mahali ambapo watu wake au wahudumu wa afya wanaweza kumkuta. Hakuna mahali sheria inaposema kwamba ukosefu wa gari unaruhusu risasi. Baba yako alifanya zaidi ya kiwango hicho cha chini, na uzito alioubeba aliubeba kwa hiari.

Sijui dini yenu, kwa hiyo nitataja pande zote mbili. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mfalme wa Israeli aliwapata maadui zake ndani ya Samaria, wamezingirwa, akamuuliza nabii Elisha mara mbili kama awapige. Elisha alimkataza, akamwambia awawekee chakula na maji, kisha waende zao kwa bwana wao. Na habari inamalizika kwa kusema kwamba vikosi vile havikuja tena kuvamia nchi. Katika Qurani, Sura ya 76 inawasifu watu wanaowalisha maskini, yatima na mateka, ilhali chakula chenyewe wanakipenda. Mateka ametajwa papo hapo pamoja na yatima. Baba yako huenda alikuwa ameyasikia mafundisho ya namna hii tangu utotoni, na siku ile yakamjia miguuni kabla hayajamjia kichwani.

Jambo la mwisho linahusu mji tunaoishi. Mwezi Machi 1979, mapigano yakiwa bado yanaendelea, raia wa Uganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapa hapa Moshi, wakaunda umoja wao na kumchagua Yusuf Lule awe kiongozi. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili, ndiye aliyekwenda kuongoza serikali. Askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin nao wapo waliokamatwa, na baada ya vita wakarudishwa kwao. Vita vile vilikuwa na mwisho, na baada ya mwisho ilibidi majirani waendelee kuwa majirani. Ikiwa yule mtu alipona, basi mahali fulani Uganda ipo familia inayosimulia kisa hiki kwa upande wake, na katika simulizi yao baba yako haitwi shemeji wa Amin. Mkumbukeni nyumbani kwenu kama wanavyomkumbuka kwao.

Amri ni amri?

*Mwalimu, kijana wangu anajiandaa kujiunga na jeshi. Mjomba wake, aliyewahi kuwa askari, amemfundisha kwamba jeshini amri ni amri, na kwamba ukiamriwa kuua hata mtu aliyefungwa kamba, dhambi ni ya aliyeamuru. Mimi mama yake silali. (Msomaji, Usa River, Arusha)*

Mama, mjomba wa kijana amesema nusu ya ukweli, na nusu iliyokosekana ndiyo iliyojadiliwa kwa miaka karibu 20 hapo Arusha mjini, mwendo mfupi tu kutoka unapoishi. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda mwezi Novemba 1994, na Februari 1995 likaamua kwamba makao yake yawe Arusha. Kesi zilisikilizwa katika jengo la Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, ambapo mwananchi yeyote aliweza kuingia, kukaa nyuma ya kioo na kusikiliza kwa vifaa vya masikioni. Nilikwenda huko mara kadhaa na wanafunzi wangu wa kidato cha sita. Walitegemea kuona majitu. Walichokiona ni wanaume waliovaa suti, waliosimama majaji walipoingia, na kilichowashangaza zaidi ni upole wa sauti zao.

Ibara ya 6 ya sheria iliyounda mahakama hiyo ilijibu swali lako pande zote mbili. Ilisema kwamba mtu aliyetenda kosa kwa kutii amri ya mkubwa wake hasalimiki kwa sababu hiyo, ingawa majaji wanaweza kuitazama amri hiyo wanapopima adhabu. Ilisema vilevile kwamba mkubwa anawajibika kwa makosa ya walio chini yake ikiwa alijua au alikuwa na sababu ya kujua, na hakuzuia wala hakuadhibu. Kwa hiyo hatia haigawanywi kama ugali, kwamba akila mkubwa mdogo anabaki na njaa. Kila mmoja anaibeba nzima.

Miongoni mwa matukio yaliyosikilizwa humo limo moja linalofaa kijana wako alijue. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, askari 10 wa Ubelgiji, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, walikuwa Kigali wakimlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana. Walizingirwa na askari wa jeshi la Rwanda, wakaweka silaha chini, wakachukuliwa hadi kambi ya jeshi ya Kigali, na humo ndani ya kambi, penye maofisa na nidhamu na bendera, wakauawa. Waziri Mkuu naye aliuawa asubuhi hiyo. Kesi ya Kanali Théoneste Bagosora, aliyekuwa mkurugenzi wa ofisi ya waziri wa ulinzi, ilihusu mauaji hayo pamoja na mengine mengi makubwa zaidi; alihukumiwa kifungo cha maisha tarehe 18 Desemba 2008, na rufaa ya 2011 ikakipunguza hadi miaka 35. Alikufa akiwa kifungoni.

Najua kwamba kukataa amri si jambo la kuzungumziwa kirahisi na mtu aliyekaa mezani na kikombe cha chai. Askari anafunzwa kutii haraka, na ni vizuri afunzwe hivyo, kwa sababu kikosi kinachojadiliana chini ya risasi kinakufa chote. Lakini kiapo chake ni cha kutii amri halali, na amri ya kumuua mtu aliyefungwa kamba haihitaji mwanasheria kuitambua; kila mwenye macho anaiona. Kijana aizungumze sasa na moyo wake, akiwa bado nyumbani, ili siku hiyo ikija awe na jibu tayari: kwamba hatafanya hivyo, kwamba atamwambia mkubwa wake kwa heshima na kwa sauti wanayoisikia wengine, na kwamba atatoa taarifa kwa ngazi ya juu. Mara nyingi amri ya namna hiyo hutolewa na mtu ambaye naye ana hofu, na inatosha mmoja kusema hapana ili wengine wapate pumzi.

Niongeze kumbukumbu moja ya Arusha. Watuhumiwa wa mahakama ile waliwekwa katika mahabusu maalumu ya Umoja wa Mataifa, wakapewa mawakili, matibabu na ruhusa ya kutembelewa na jamaa zao, na wapo watu waliokuwa wakinung'unika kwamba wauaji wanakula vizuri kuliko sisi. Niliwaelewa. Lakini mahakama ambayo ingewatesa watu kwa kosa la kutesa watu isingekuwa na la kumwambia yeyote.

Bomu na dakika zinazokwisha

*Shikamoo Mwalimu. Katika mdahalo wa shule yetu upande wa pili ulisema hivi: mateka anajua bomu limefichwa wapi, watu mia moja watakufa, dakika zinakwisha. Je, si haki kumtesa aseme? Sikuwa na jibu na tukashindwa. (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Sekei, Arusha)*

Marahaba, binti yangu. Hukushindwa kwa uzembe. Swali hilo limetungwa likiwa na jibu lake tumboni. Limekupa vitu vitatu ambavyo vitani hakuna anayevipata: uhakika kwamba huyu ndiye mwenyewe, uhakika kwamba anajua, na uhakika kwamba akiumizwa atasema kweli. Mdahalo mwingine ukija, waombe wapinzani wako wakuthibitishie vyote vitatu kabla hujawajibu.

Hicho cha tatu ndicho kibovu kuliko vyote. Mwishoni mwa 2001 Ibn al-Shaykh al-Libi alikamatwa Pakistan, kisha Wamarekani wakampeleka Misri kuhojiwa. Huko aliteswa, akasema kwamba Irak iliwafundisha watu wa al-Qaida kutumia silaha za kemikali. Maneno hayo yalikuwamo katika hotuba ya Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Colin Powell, mbele ya Baraza la Usalama tarehe 5 Februari 2003, na mwezi uliofuata vita vya Irak vikaanza. Baadaye al-Libi aliyakana, akaeleza kwamba alisema walichotaka kusikia ili maumivu yakome. Upande wa pili walihesabu watu mia moja wa kubuni. Wewe unaweza kuwauliza ni watu wangapi wa kweli waliokufa katika vita ambavyo neno lililotolewa kwa mateso lilisaidia kuvihalalisha.

Sheria yenyewe ni fupi. Ibara ya 17 ya Mkataba wa Tatu inamtaka mateka ataje jina lake, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi. Anayemhoji anaweza kumuuliza mengine yote, hata kutwa nzima, lakini mateka akikataa kujibu hatishwi, hatukanwi wala hanyimwi chochote. Ukiambiwa kwamba yule si askari halisi bali ni mwasi au gaidi, na kwa hiyo mkataba haumhusu, jibu ni kwamba Mikataba yote minne ina ibara ya 3 inayofanana, inayowalinda watu waliokamatwa katika vita vya ndani ya nchi dhidi ya mateso na udhalilishaji. Na Katiba yetu, ibara ya 13, inapiga marufuku mtu kuteswa. Imesema *mtu*. Haikusema mtu mwema.

Waitaliano waliotoroka kupanda mlima

*Mimi ni mwongoza wageni Mlima Kilimanjaro. Mgeni mmoja alinisimulia kwamba mateka wa Kiitaliano waliwahi kutoroka kambini Kenya, wakapanda Mlima Kenya, kisha wakarudi wenyewe gerezani. Ni kweli, na je, waliadhibiwa vipi? (Msomaji, Marangu)*

Ni kweli kabisa, na wewe unayeujua ubaridi wa saa tisa usiku kule juu utakielewa kisa hiki kuliko mimi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza waliwakamata maelfu ya Waitaliano huko Ethiopia na Somalia, wakawaweka katika makambi ya Afrika Mashariki. Katika kambi ya Nanyuki, Felice Benuzzi na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, waliutazama mlima kila siku kupitia uzio. Walitengeneza vifaa vya kukwea barafu kwa vyuma chakavu na kamba kwa nyuzi za vitanda vyao, na mchoro wa mlima waliokuwa nao ulitoka kwenye karatasi ya kopo la nyama. Mwezi Januari 1943 walitoroka. Barsotti aliugua njiani, wenzake wakajaribu kilele cha Batian wakashindwa, kisha wakafika Lenana na kusimika bendera yao. Baada ya siku 18 walirudi kambini kwa miguu yao. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao, na kamanda wa kambi, aliyevutiwa na ujasiri wao, akawafungulia baada ya siku 7.

Siku 28 hazikuwa namba ya bahati. Mkataba wa Geneva wa 1929, uliokuwa ukitumika wakati huo, uliweka kikomo cha siku 30 kwa adhabu ya namna hiyo, na ule wa 1949 umekibakiza. Sheria inatambua kwamba kutamani kurudi kwenu si jinai, hivyo mateka anayejaribu kutoroka bila kumdhuru mtu anapewa adhabu ya kinidhamu tu. Mlinzi haruhusiwi kumpiga risasi anayetoroka ila kama njia ya mwisho, na baada ya kumwonya.

Ukipita barabara ya Nairobi kwenda Naivasha, kwenye mteremko wa Mai Mahiu, utaona kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942 walipokuwa wakifanya kazi ya barabara. Kazi kwa mateka inaruhusiwa, kwa malipo na kwa masharti: ofisa halazimishwi kufanya kazi, na hakuna anayelazimishwa kazi ya hatari kama kufukua mabomu yaliyotegwa ardhini.

Video kwenye simu

*Mwalimu, katika kundi letu la WhatsApp watu wanatumiana video za vita: askari waliokamatwa wamepigishwa magoti wakitukanwa, na nyingine za maiti zinakanyagwa. Mwanangu wa darasa la saba ameziona, amezionyesha shuleni. Nimwambie nini? (Mama, Pasua, Moshi)*

Mama, anza na sheria, kwa sababu watoto wa umri huo wanaiheshimu wakielezwa vizuri. Ibara ya 13 ya Mkataba wa Tatu inataka mateka alindwe si dhidi ya kipigo tu, bali pia dhidi ya matusi na udadisi wa watu. Waliotunga maneno hayo 1949 walifikiria mateka wanaotembezwa barabarani ili umati uwazomee. Simu imeurefusha ule umati, ukafika Pasua, na mtoto wako amesimama ndani yake bila kujua. Mwaka 2004 dunia iliona picha za askari wa Marekani wakicheka mbele ya wafungwa waliovuliwa nguo katika gereza la Abu Ghraib, nchini Irak. Baadhi ya askari hao walihukumiwa na mahakama za kijeshi za nchi yao, na picha zao wenyewe zikawa ushahidi.

Kuhusu maiti, Mikataba inaagiza watafutwe, wasiporwe wala kudhalilishwa, wazikwe kwa heshima na ikiwezekana kwa taratibu za dini yao, na makaburi yao yawekwe alama ili jamaa waweze kuyapata. Kama mtoto atauliza kwa nini jambo hilo ni kubwa hivyo wakati mtu ameshakufa, huna haja ya kumpa mfano wa mbali. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli huko Old Moshi, pamoja na viongozi wengine, akiwamo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Wazee wanasimulia kwamba kichwa cha Meli kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na wazao wake wametumia miaka mingi wakikitafuta kwenye hifadhi za mafuvu huko Berlin.

Mwambie azifute video hizo, na awaombe radhi wenzake aliowaonyesha. Wewe nawe uandike kwenye kundi lenu kwamba hutaki kutumiwa nyingine. Kisha Jumamosi moja mpandishe Old Moshi, mwende Tsuduni mahali Meli aliponyongwa, mkamtafute mzee wa pale awaelezee mwenyewe.